Mbiu Inayolia Tumboni

   

Jioni hii tunazungumza juu ya kuhara damu. Naomba tusikilizane kwa makini, kwa sababu nataka tufike mbali kuliko tunapoishia siku zote. Tumezoea kuambiwa: nawa mikono, tibu maji, kimbilia kituo cha afya. Maneno hayo ni ya kweli na nitayarudia. Lakini mtu akielewa kinachotendeka ndani ya utumbo wa mtoto wake, saa baada ya saa, hangoji kusukumwa na muuguzi wala na redio. Atajua mwenyewe kwa nini kuchelewa siku moja kunaweza kuondoa uhai.

Tuanze na historia, maana ugonjwa huu na eneo letu la Masisi na Walikale wanajuana. Mwaka 1897 nchini Japani ulizuka mlipuko wa kuhara damu uliowapata watu karibu 90,000, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikufa. Daktari kijana, Kiyoshi Shiga, aliuchunguza mlipuko huo akampata bakteria anayeuleta. Kwa heshima yake bakteria huyo na ndugu zake wakaitwa Shigella. Aliye mkali kupita wote ni Shigella dysenteriae wa aina ya kwanza, na huyo alifika kwetu. Mwaka 1979 alizuka kaskazini-mashariki ya Zaire, nchi hii hii yetu, kisha akaenea hadi Rwanda, Burundi na nchi nyingine za jirani katika miaka iliyofuata.

Halafu ikaja Julai 1994. Wenye umri mkubwa kati yenu wanaikumbuka. Katika siku chache watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma na pembezoni mwake. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Kuchimba choo kulikuwa kugumu mno, na kuchimba kaburi vilevile. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Kwanza ilikuwa kolera. Kolera ilipoanza kupungua ikafuata Shigella, na aina iliyokuwapo ilikuwa sugu kwa dawa nyingi zilizozoeleka.

Hapo tutofautishe magonjwa mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kolera humwaga maji. Sumu ya bakteria wa kolera huziamuru seli za utumbo mwembamba zitoe chumvi na maji bila kukoma. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshewa mchele, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukaukiwa maji siku hiyo hiyo. Lakini ukuta wa utumbo wenyewe haujeruhiwi sana. Kuhara damu ni jambo jingine. Hapa choo huwa kidogo, kina kamasi na damu, tumbo linasokota, mgonjwa anachuchumaa kila wakati na hakitoki kitu. Hapa ukuta wa utumbo umeumia. Na jambo ninalotaka mlibebe kutoka katika mazungumzo haya ni hili: sehemu kubwa ya jeraha hilo inafanywa na kinga ya mwili wenyewe, ikiitikia wito wa hatari.

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Mbiu ikipigwa kijijini, kila mtu anaacha kazi yake na kutoka nje. Mwili nao una mbiu zake. Si za sauti. Ni protini ndogo sana zinazotolewa na seli moja na kupokelewa na seli nyingine. Wataalamu wanaziita saitokini. Mbiu hizo zikilia, mishipa midogo ya damu inatanuka, maji yanavuja kuingia kwenye nyama, seli nyeupe za damu zinamiminika, na mahali pale panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba na kuuma. Hali hiyo madaktari wanaiita inflamesheni. Mmeiona kwenye kidonda cha mguu. Sasa fikirini inatokea kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, mahali ambapo jicho halifiki.

Tumfuate bakteria huyo hatua kwa hatua. Shigella anahitaji wenzake wachache mno ili alete ugonjwa: bakteria 10 hadi 100 wanatosha. Bakteria wa kolera, kwa kawaida, wanahitaji kuwa wengi kupita hao mara nyingi sana. Ndiyo maana Shigella hupita kwenye vidole, kwenye kikombe kimoja kinachozunguka, kwenye inzi aliyetoka chooni akatua juu ya ugali. Asidi ya tumbo, inayoua vijidudu vingi, yeye anaivumilia. Anashuka hadi utumbo mpana.

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umefunikwa na safu moja tu ya seli, zilizoshikana kwa nguvu na kupakwa ute juu yake. Safu hiyo moja ndiyo inayotenganisha kinyesi na damu yetu. Ndani yake kuna seli maalumu ambazo kazi yake ni kuchukua sampuli ya vilivyomo utumboni na kuvipitisha chini ili kinga ivikague. Shigella anaitumia njia hiyo kuingia. Akishapita, anamezwa na seli kubwa iitwayo makrofaji, ambayo ni mlaji wa wavamizi. Wavamizi wengi wangeishia hapo.

Shigella haishii hapo. Anatoboa mfuko aliomezwa ndani yake na kuingia katikati ya makrofaji. Seli hiyo inatambua kwamba imevamiwa, inaamsha kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1, na kimeng'enya hicho kinafanya kazi mbili. Kinakata saitokini mbili zilizokuwa zimelala, interlukini-1 na interlukini-18, ili zianze kufanya kazi. Tena kinafungua protini inayotoboa matundu kwenye utando wa seli. Makrofaji inapasuka na kufa. Katika kufa kwake inaachia mbiu ya kwanza.

Sasa bakteria yuko chini ya ukuta, na kutoka huko chini anaziingia seli za ukuta wenyewe. Akiwa ndani anatoka seli moja kwenda nyingine bila kutoka nje, kwa hiyo kingamwili zilizoko nje hazimpati. Lakini seli hizo nazo zina wakaguzi. Mmoja wao ni protini iitwayo NOD1. Inatambua vipande vya ganda la bakteria, vitu ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi kamwe. Ikivigusa, taarifa inapita kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kufika kwenye protini moja kuu, NF-kappa B, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore huko Marekani. Wakati wa amani NF-kappa B imeshikwa na protini nyingine inayoizuia isisogee. Taarifa ya hatari ikifika, kizuizi kinavunjwa, NF-kappa B inaingia kwenye kiini cha seli na kuziamuru jeni nyingi zianze kazi. Jeni hizo zinatengeneza mbiu nyingine zaidi: interlukini-8, interlukini-6, na TNF.

Interlukini-8 ndiyo inayowaita nyutrofili. Hizi ni seli nyeupe za damu zilizo nyingi kupita nyingine, na ndizo za kwanza kufika palipo na hatari. Zinatoka kwenye mishipa kwa maelfu kwa maelfu, zinajipenyeza katikati ya seli za ukuta, na katika kujipenyeza zinalegeza pale seli zilipokuwa zimeshikana. Nyufa hizo bakteria wengine wanazitumia kuingia. Nyutrofili zinamwaga vimeng'enya na kemikali kali za kuua bakteria, na kemikali hizo hazibagui: zinaua bakteria, zinaua na seli zetu. Ukuta unachanika, vidonda vinatokea, damu inatoka. Kile anachokiona mama kwenye kinyesi cha mtoto, ile kamasi, usaha na damu, ni nyutrofili zilizokufa, ni ute, ni ukuta wa utumbo.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini tusizinyamazishe mbiu hizo? Swali hilo liliulizwa na Profesa Philippe Sansonetti na wenzake wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na walilijibu kwa majaribio ya sungura katika miaka ya 1990. Walipoizuia interlukini-1, uharibifu wa utumbo ulipungua sana. Walipoizuia interlukini-8, nyutrofili hazikumiminika, na ukuta haukuchanika kama kawaida. Habari njema, ungesema. Lakini bakteria nao hawakuzuiwa. Walipenya chini zaidi kwenye nyama ya utumbo, wakafika hata kwenye damu inayotoka utumboni. Maana yake ni kwamba mwili unakubali kuuharibu ukuta wake ili uvamizi uishie pale pale. Kwa mtoto mwenye lishe, aliyetibiwa mapema, bei hiyo inalipika. Kwa mtoto aliyekonda, aliyekuja siku ya tano, bei inapita uwezo wake.

Na yule Shigella wa aina ya kwanza ana jambo la ziada. Anatoa sumu iliyopewa jina la Shiga, inayozizuia seli kutengeneza protini. Sumu hiyo ikifika kwenye mishipa midogo ya figo inaweza kuzifanya figo zisimame. Mtoto aliyeonekana anapona kuhara, ghafla hakojoi, anavimba uso, anakuwa mweupe macho na midomo. Mzazi akiona hivyo asisubiri kuche.

Wasikilizaji wangu, mbiu hizi hazibaki utumboni. Interlukini-1, interlukini-6 na TNF zinaingia kwenye damu na kufika mbali. Zikifika kwenye ubongo zinapandisha joto, ndiyo homa. Zinaondoa hamu ya kula, ndiyo sababu mtoto anakataa uji hata ukimbembeleza. Interlukini-6 ikifika kwenye ini inaliamuru litengeneze homoni iitwayo hepsidini. Hepsidini inafunga mlango wa madini ya chuma: chuma kilichomo kwenye sombe na maharagi hakipiti vizuri kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na kile kilichohifadhiwa mwilini kinabaki kimefungiwa. Mwili unafanya hivyo kwa sababu bakteria nao wanahitaji chuma ili waongezeke. Ikichukua siku chache ni busara ya mwili. Ikichukua miezi, mtoto anapungukiwa damu hata kama anakula. Tena mbiu hizo hizo zinapunguza homoni inayoirefusha mifupa. Mtoto anaacha kukua mwili ukiwa vitani.

Hapa tumefika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika mji wa Haydom, mkoa wa Manyara, Tanzania, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nane, uitwao MAL-ED. Watafiti hawakupima kinyesi cha watoto waliokuwa wanahara peke yao. Walipima pia cha watoto waliokuwa wazima, wanaocheza, ambao mama zao hawakuwa na la kulalamikia. Walitafuta alama za inflamesheni, mojawapo ikiwa kimeng'enya kinachotoka kwenye nyutrofili. Wakakuta alama hizo ziko juu kwa watoto wengi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watoto waliokuwa na alama za juu zaidi walikua kidogo kwa urefu katika miezi iliyofuata kuliko wenzao.

Tafsiri yake kwetu ni nzito. Katika milima yetu na katika misitu yetu wako watoto wengi wafupi kuliko umri wao. Tunasema ni njaa, na njaa ipo. Lakini wako pia watoto ambao utumbo wao hauna amani mwezi hadi mwezi, kwa sababu kila siku unaguswa na vijidudu vya kinyesi, vya watu na vya wanyama. Ukuta umelegea, vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyonyonya chakula vimefupika, na mbiu inalia kwa sauti ndogo isiyosikika nje. Mtoto huyo anakula, lakini sehemu ya chakula chake inakwenda kulipia vita vya utumbo.

Mbona basi kinga haijui kunyamaza? Inajua. NF-kappa B yenyewe, ikishaingia kwenye kiini, inaiamuru seli itengeneze upya kile kizuizi kilichokuwa kinaishika. Kuna pia interlukini-10, ambayo kazi yake ni kuzituliza mbiu nyingine. Na kuna msaada unaotoka kwenye chakula. Bakteria wema wanaoishi kwenye utumbo mpana wanakula nyuzi za maharagi, mboga za majani na ndizi, kisha wanatoa asidi iitwayo butireti. Seli za utumbo mpana zinaila butireti kama chakula chao kikuu, nayo inasaidia kuzalisha seli za kinga zenye kazi ya kutuliza. Kwa hiyo shamba la maharagi la Masisi linaulinda utumbo. Familia inapolikimbia shamba lake na kuishi kwa unga peke yake, inapoteza shibe na inapoteza pia utulivu wa utumbo.

Lakini kutuliza kote huko kunawezekana pale tu uchafu unapokoma kuingia. Huwezi kuituliza mbiu wakati mvamizi bado yuko mlangoni.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa mwingine, kwa kuwa wapo ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani wanaoambiwa hospitalini kwamba wana ugonjwa wa Crohn au vidonda sugu vya utumbo mpana, na familia huku nyumbani zinauliza ni nini. Katika magonjwa hayo mbiu ni zile zile: NF-kappa B, TNF, interlukini. Tofauti ni kwamba zinaendelea kulia miaka na miaka bila mvamizi mmoja anayejulikana. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yaligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn wana kasoro kwenye jeni ya NOD2, ndugu wa ile NOD1 inayokagua vipande vya bakteria. Na tangu 1998 kuna dawa ya sindano inayoishika TNF ili isifanye kazi. Imewarudisha wengi kwenye maisha ya kawaida. Lakini TNF ndiyo inayosaidia mwili kukifungia kifua kikuu kilicholala. Mtu aliyetoka kwenye eneo lenye kifua kikuu kingi, kama letu, akipewa dawa hiyo bila kupimwa kifua kikuu kwanza, ugonjwa unaweza kuamka na kumuua. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana sana na Crohn. Basi ndugu aliye mbali, mwambie daktari wako wazi wazi umetoka wapi, na kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyewahi kuugua kifua kikuu.

Sasa turudi nyumbani kwetu, tuseme la kufanya.

La kwanza, damu kwenye choo cha mtoto ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muuguzi ndiye anayechagua antibiotiki. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeshauri siprofloksasini iwe ya kwanza, lakini usugu unaongezeka, na kama mgonjwa hapati nafuu ndani ya siku mbili lazima arudi abadilishiwe. Dawa inayomwua bakteria mapema inazima wito kutoka kwenye chanzo chake, kabla ukuta haujachanika.

La pili, tuache kununua vidonge sokoni kwa kukisia. Metronidazole, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Flagyl, inaua amiba; Shigella haimwui. Mama anayempa mtoto Flagyl siku tatu akisubiri, amempa Shigella siku tatu. Na vidonge vya tetra vilivyokaa juani kwenye meza ya muuzaji havimfai mtoto. Tena tetra hiyo, yaani tetrasaiklini, inaharibu meno ya mtoto mdogo.

La tatu, tusitumie dawa za kufunga kuhara kwa mtu anayehara damu. Zinasimamisha mwendo wa utumbo, na bakteria pamoja na sumu yake wanabaki ndani. Wako pia wanaomwingizia mtoto maji ya majani au pilipili kwa njia ya haja kubwa. Naomba kwa heshima ya mila zetu zote: tusifanye hivyo. Ukuta uliokwisha kuvimba na kuchanika unaweza kutoboka, na mtoto hatapona.

La nne, maji na chakula. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mpe maji yaliyotiwa chumvi na sukari zilizomo kwenye pakiti. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, weka vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ulizia zinki: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na mtoto wa chini ya miezi sita apewe miligramu 10. Zinki husaidia ukuta wa utumbo kujirudisha. Na homa ikipungua, mtoto ale mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, kwa sababu ana deni la kukua.

La tano linahusu nyumba zetu. Sabuni na maji baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Kama sabuni haipo, majivu yanasaidia. Kinyesi cha mtoto mchanga si safi, kitupwe chooni. Mbuzi, kuku na sungura wasilale chumba kimoja na mtoto anayetambaa, na pale anapotambaa pawe na mkeka unaooshwa.

Lakini sitaki kuwabebesha akina mama mzigo wote, maana hiyo haitakuwa haki. Nchini Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, utafiti mkubwa ulizipatia familia vyoo vilivyoboreshwa, dawa ya klorini na vifaa vya kunawia mikono. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: watoto hawakurefuka zaidi kwa sababu ya vitu hivyo, wala kuhara hakukupungua. Funzo lake si kwamba usafi ni bure. Funzo ni kwamba chupa ya klorini kwa kila nyumba haitoshi katika mazingira yaliyojaa kinyesi. Inatakiwa chemchemi iliyojengwa, bomba linalofika kijijini, maji mengi kwa kila mtu na vyoo kwa kijiji kizima. Hiyo ni kazi ya serikali, ya wenye migodi, na ya kila anayeitawala ardhi hii kwa haki au kwa bunduki.

Tazameni milima ya Rubaya. Koltani inayotoka pale inaingia kwenye simu za dunia nzima. Tazameni Bisie huko Walikale, bati linatoka. Utajiri huo unapita kwenye barabara zile zile anazopita mama akiwa na bidoni ya lita 20 mgongoni, akitoka kuchota maji mtoni chini ya kambi ya wachimbaji wasio na vyoo. Dunia inayochukua madini yetu ina uwezo wa kuijenga chemchemi.

Na vita. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi. Kila watu wanapokimbia, mambo matatu yanatokea kwa pamoja: wengi wanachangia maji machache, muuguzi anakimbia au dawa zinaisha, na watoto wanapungua uzito. Shigella anapenda mahali kama hapo, maana ndivyo ilivyokuwa Goma 1994. Nawashukuru wauguzi waliobaki, wahamasishaji wa afya wanaotembea vijijini kwa miguu, wafanyakazi wa hospitali ya Masisi ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wanaisaidia tangu 2007, na wenzao wa Walikale, Pinga na Mweso. Wenye silaha wa pande zote nawaambia hivi: kituo cha afya si shabaha, gari la dawa si nyara, na bomba la maji likikatwa watakaokufa kwanza ni walio chini ya miaka mitano, wakiwemo watoto wenu.

Nanyi wakuu wa vijiji, wachungaji, mapadri, maimamu na walimu, nawaomba jambo moja. Mkisikia katika wiki moja kwamba nyumba mbili au tatu jirani zina mtu anayehara damu, msingoje ya nne. Tumeni habari kwa muuguzi wa kituo chenu siku hiyo, ili naye aipeleke kwenye zoni ya afya. Sampuli ikipimwa mapema, dawa inayofaa inajulikana kabla ugonjwa haujaenea.

Mzazi unayenisikiliza jioni hii, mwili wa mtoto wako hauna kinywa cha kukueleza kilichoko ndani. Unakueleza kwa damu kwenye choo. Ukiiona, mnyonyeshe au mpe maji ya chumvi na sukari, mbebe, na uende kituo cha afya leo hii. Usingoje kesho.